Cheche Moja Hadi Ng'ambo

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Injini ya boti imegoma katikati ya ziwa. Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikapiga kasia hadi gatini huku nikiwapungia mkono watu wa ufukoni, wadhani nafanya mazoezi. Shemeji, kaka wa mke wangu, hakudanganyika. Ana boti yenye injini mpya na mdomo usiochoka. Aliuliza kama hii ya kwangu haijazeeka. Nikamwambia imepumzika tu.

Jambo lenyewe: Jumamosi mama mkwe ana miadi ya macho, hospitali ya ng'ambo. Ameingoja miezi minne. Shemeji alijitolea kumvusha. Nikamkatalia mbele ya watu wote. Nitamvusha mimi!

Jumanne, tarehe 5 Machi
Petroli ipo. Basi tatizo ni moto, yaani cheche za plagi. Nimefungua plagi zote mbili, zimejaa masizi. Nimezisugua kwa mswaki. (Wa mke wangu. Nitamwambia.) Nikaegemeza plagi kwenye chuma cha injini, nikavuta kamba, nikakodoa macho. Sikuona cheche. Nikaona niishike kwa mkono, nivute tena.

Ipo! Dhaifu, lakini ipo! Mke wangu anadai nilipiga yowe. Ilikuwa sauti ya kitaalamu.

Jumatano, tarehe 6 Machi
Leo nimemkamata mchawi. Ukichungulia kwenye kitundu cha gurudumu lililo juu ya injini unaziona platini, vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke. Maskini, vinagongana mchana kutwa bila tone la kilainishi! Nimevipaka grisi, kijiko kizima.

Nimeshika tena plagi na kuvuta kamba. Hata kunifinya haikunifinya. Usalama umeongezeka.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Nilimwita shemeji aje ashuhudie. Kosa dogo. Nimevuta kamba mara arobaini, ya arobaini na moja ikakatika, nikakaa kitako majini. Shemeji alinipa mkono kunitoa, jambo lililoniuma kuliko kucheka kwake. Akasema kesho saa moja asubuhi atakuwa gatini na boti yake, endapo. Nikamwambia asijisumbue. Hiyo "endapo" yake imenikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi, tarehe 9 Machi
Mama mkwe alifika mapema, kadi ya hospitali mkononi. Nilikuwa nimefunga kamba mpya. Nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Kimya, na jasho. Pembeni, shemeji alikuwa ameshawasha yake, inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Mama mkwe ameshona nguo miaka thelathini, na cherehani zake za umeme alizitengeneza mwenyewe. Akaniomba nisogee. Macho hayamsaidii sana, kwa hiyo aliingiza kidole kitunduni.

"Nani kapaka grisi hapa?"

Nikalitazama ziwa.

"Mwanangu, umeme haupiti kwenye grisi."

Akafuta kwa kitambaa chenye petroli. Akachana kipande cha bahasha ngumu ya kadi yake, akakipitisha katikati ya platini hadi kikatoka cheupe. Akaniambia nivute.

Mara moja tu! Injini ikaunguruma, ndege wakaruka. Shemeji akazima yake, akapiga makofi. Nikainama kupokea heshima.

Njia nzima mama mkwe alishika bega langu, maana mwanga wa maji unamuumiza. Nilienda polepole. Sijawahi kuiendesha boti kwa uangalifu namna ile. Tulifika kabla ya saa yake, na daktari kasema macho yote mawili yatapona akifanyiwa upasuaji. Mama alilia kidogo. Mimi niliingiwa na vumbi machoni.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Gati zima linajua jinsi nilivyoigundua ile hitilafu. Nimewaeleza mara sita, na kila mara naielewa vizuri zaidi.

Injini inanguruma vizuri. Vizuri mno, nikaanza kushuku. Kwa hiyo baada ya chakula cha mchana nimeifungua gia. Haikuwa na tatizo lolote, ndiyo maana nimewahi. Springi moja imeruka ikaangukia majini, lakini ingekuwa ya muhimu wasingeitengeneza ndogo vile.

Upasuaji ni Jumamosi ijayo. Shemeji ameuliza awe tayari na boti yake? Nimemwambia akae zake kwa amani, mama nitamvusha mimi.