Kinu cha Babu Kilichochongwa Louisville

Jumatatu, 9 Juni 2025
Makumbusho ya mambo ya kale yametangaza kanisani kwetu: kila jamii ilete kifaa cha asili, na picha ya mletaji itatundikwa mlangoni. Mlangoni! Na Jumapili tunachagua mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Warundi na Wakongo. Mpinzani wangu, Balagizi, anagawa mishikaki ya bure. Mimi nitakuwa ukutani! Kifaa ninacho: kinu cha mke wangu, Spés. Kweli, Balagizi mwenyewe ndiye aliyekichonga mwaka juzi, kutoka kwenye mti ulioangushwa na dhoruba. Lakini nani atajua?

Jumanne, 10 Juni
Nimekisugua kwa majani ya chai na majivu. Kimezeeka miaka mia kwa saa moja. Nilimweleza mama wa makumbusho kwamba babu wa babu yangu alikimbia vita nacho, amekibeba mgongoni. Akavaa glavu kukipokea! Nusura nilie. Nilikuwa nimeanza kuuamini uongo wangu.

Jumatano, 11 Juni
Spés amegundua kinu hakipo. Jumamosi ni harusi ya binti wa jirani yetu Clémence, na sombe ya friza, yale majani ya muhogo, ni lazima itwangwe upya. Majirani wote wanategemea kinu hicho. Nikamweleza kuhusu heshima ya ukoo. Akauliza ukoo upi. Jioni nimekula mayai, tena nimejikaangia mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni
Balaa! Spés aliwapakia akina mama kwenye magari mawili, wakaenda makumbusho na sombe yao. Nikawawahi, nikamkuta yule mama ameshakikagua kinu: mti ni mwaloni wa hapa hapa Kentucky, hauna uzee wowote. Ajabu, alikuwa anafurahi! Alisema kazi yao ni kutunza vitu ambavyo watu wa bonde hili la mto wametengeneza tangu zamani, na hiki ni kimojawapo. Akauliza fundi ni nani. Nikafungua mdomo. Spés, aliyekuwa ameshaingia na akina mama, akanitangulia kumtaja Balagizi.

Glavu zikavuliwa. Akina mama wakatwanga pale pale, katikati ya vyungu vya kale, na Wazungu wakapanga foleni kushika mchi. Balagizi akaitwa kupigwa picha. Akanishika mkono mbele ya watu wote, kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa: "Bon, Revokatus, aksanti sana. Donc ni weye ulinipelekea kazi yangu ku musée!"

Niliumia, sitaki kusema uongo.

Jumapili, 15 Juni
Kura za kunyoosha mikono. Balagizi ni mwenyekiti. Kwangu ulinyooka mkono mmoja, nao ulikuwa wangu. Spés alinyoosha wake kwa Balagizi, akauacha juu hata baada ya kuhesabiwa.

Jumatatu, 16 Juni
Nimetumwa kufuata sufuria za Clémence zilizosahauliwa makumbusho. Nikapita kwenye kabati la vioo. Ndani kuna jiwe la kusagia lililofukuliwa karibu na mto. Kibandiko kinasema lina miaka elfu mbili, na aliyelitengeneza hajulikani.

Hajulikani! Miaka yote hiyo nafasi iko wazi, na hakuna aliyejitokeza. Kesho naenda kuwaambia kuhusu babu mwingine.