Maji Baridi Dhidi ya Mikono ya Mama Domitille

Alhamisi, 12 Juni 2025

Nadai, nami nitalitetea dai langu mbele ya yeyote: baada ya mazoezi makali, hakuna kinachoirudishia misuli nguvu kama maji baridi. Nimesoma. Nina shahada. Mazoezi ya leo yamewaacha vijana wa timu yetu wakitembea kama wazee, na Jumapili tuna mechi. Rais wa klabu, Papa Sébastien, mstaafu wa reli, ametangaza kwamba baada ya mechi hiyo atamteua mtunza misuli. Cheo changu, bila shaka! Mpinzani pekee ni Mama Domitille, ambaye huwakanda kwa maji ya moto wanawake waliotoka kujifungua. Nilimwuliza kama mabeki wetu wamejifungua. Akajibu kwamba mguu haumwulizi mtu alibeba nini.

Tukagawana wachezaji: watano wangu, watano wake. Kipa Serge alitukataa sote wawili. Yeye atalala tu. Mjinga!

Ijumaa, 13 Juni

Alfajiri, ziwani. Loo, Tanganyika! Ukimya mkubwa kuliko maktaba zote nilizopata kuingia. Maji mengi namna hii hayana budi kuwa baridi. Nilitumbukiza kipimajoto cha dada yangu Aimée, muuguzi. Hakikuonyesha nambari yoyote. Nikatangaza kwamba baridi imekishinda chombo!

Ajabu, watano wangu walikataa kutoka majini. Numbi, winga, alipiga kelele, kwa jina la Kifaransa walilonipa kwa ajili ya shahada yangu: "Papa Licencié, njo maji ya kuogesha mutoto hii!" Nakiri kwamba upepo wa Juni ulikuwa mkali kuliko maji. Jioni Aimée alinieleza, akicheka hadi akashika ukuta, kwamba kipimajoto chake ni cha homa. Chini ya joto la mtu hakisemi kitu. Nikamjibu kwamba kunyamaza nako ni ushahidi.

Jumamosi, 14 Juni

Barafu! Tina, muuza samaki wa bandarini, alinipa pipa zima la barafu iliyolaza mikebuka, samaki wa ziwa letu, tangu juzi. Vitabu vinasema dakika kumi. Niliwapa arobaini kila mmoja, kwa ukarimu. Walitoka wakitetemeka na kunuka soko. Paka watatu walimsindikiza Numbi hadi kwao.

Nikapita kwa Mama Domitille kupeleleza. Nilichokiona kupitia ua wa matete kimenitikisa. Wilfried, mshambuliaji, amelala mkekani. Kitambaa chenye mvuke. Mikono ile ikapanda taratibu kutoka kifundo hadi goti, kana kwamba inasoma maandishi yaliyo chini ya ngozi. Msuli ukatetemeka, ukalegea, ukatulia. Nikazidi kuuegemea ua. Naye, bila kugeuka: "Papa Licencié, ingia, utaniangushia ua." Nikakimbia.

Jumapili, 15 Juni

Tumeshinda moja bila. Lakini vipi! Watano wangu walikakamaa mmoja baada ya mwingine. Wake walikimbia kama ndio kwanza wameamka. Wilfried akafunga bao. Serge, aliyelala siku mbili, akadaka penalti! Wachezaji wa akiba wakaisha, na Papa Sébastien akaniamuru nivae jezi ya Numbi, pamoja na harufu yake.

Nilikimbia dakika tisa. Kisha vigimbi vyangu viwili vikageuka mawe. Nililia mbele ya mashabiki, nao wakahesabu kila yowe langu. Nilibebwa hadi kwa Mama Domitille, nikalazwa kati ya wanawake wawili wenye vichanga, ambao walinipa pole na kuniuliza ni wa kike au wa kiume. Kitambaa kikashuka. Mikono ikaanza. Sijui nisemeje! Maumivu yaliondoka kama mgeni anayejua saa ya kuaga. Alimaliza mguu wa kulia, giza likaingia. Wa kushoto ameuahirisha.

Jumatatu, 16 Juni

Mguu wa kulia ni mpya. Wa kushoto bado ni jiwe. Papa Sébastien amemteua Mama Domitille. Mimi nimepewa kazi ya kumchemshia maji.

Nimewaza usiku kucha na jawabu limejitokeza lenyewe: kila alipokiondoa kitambaa, upepo wa ziwa uliupiga mguu wangu. Baridi, ndugu zangu! Ni baridi iliyoniponya; maji ya moto yalipita njia tu. Hoja hii naibandika leo kwenye ukuta wa uwanja, kurasa saba. Namtaka Mama Domitille anijibu hadharani, kwa maandishi, mbele ya timu nzima, kabla ya Jumapili. Ila kwanza animalizie mguu wa kushoto.