Watazamaji Elfu Hamsini

Maskati, Jumapili, 6 Desemba 1970

Niwie radhi, shajara yangu. Sijakuandikia tangu kabla ya Ramadhani. Sikuwa mvivu. Nilikuwa Ujerumani, nikimsindikiza dada yangu Mahfoudha kutibiwa goti. Kalamu yangu nilimwazima mtu mmoja katika uwanja wa ndege. Akaijaza karatasi yake, akaondoka nayo. Hakugeuka! Watu wa namna hii ndio wanaoharibu dunia.

Nimerudi, na hasira yangu nyingine ni Marhoon, muuza vitambaa wa Matrah. Zamani alikuwa winga huko Ng'ambo ya Unguja, na hajatupa nafasi ya kusahau. Sasa inaundwa klabu mpya ya mpira, kiwanja kitakuwa Wattaya, na Mzee Bakhit ameombwa na wote ateue mwenyekiti. Marhoon anakitaka kiti. Mimi pia nakitaka, na nina haki zaidi. Tangu mwaka sitini na nne, nilipoondoka Unguja nikaiacha skuli yangu, hakuna aliyesimama nilipoingia mahali. Mwenyekiti akiingia, watu husimama.

Silaha yangu: nimeona mpira wa Ujerumani. Marhoon hajaona.

Ukweli, kwako wewe peke yako: ilikuwa mechi ya daraja la chini kabisa, katika mji ambao jina lake lina herufi nyingi kuliko wakaazi. Mvua tupu. Golikipa ni mwoka mikate aliyetuuzia mkate asubuhi ile. Mshika kibendera ni dereva wa basi lililotuleta. Watazamaji wangeenea katika ukumbi mmoja wa harusi, na nafasi ya wapigaji ngoma ingebaki. Refa alikosea. Nilivuka mstari wa chokaa kumweleza kosa lake, kwa Kiingereza fasaha. Bibi mmoja muuza chai akanitoa kwa ncha ya mwavuli. Mambo haya watu wa Maskati hayawahusu.

Leo azima ya kwanza, yaani karamu ya mwaliko. Hapa msafiri akirudi kila nyumba humwalika chakula, naye hutoa habari. Niliwapa. Watazamaji elfu hamsini. Si uongo: ni hesabu ya wote ambao wangekuja lau mvua isingenyesha. Kiongozi wa timu aliniomba rai wakati wa mapumziko, nikampa, wakashinda. Wanaume walisahau kula.

Mahfoudha alikuwa ndani na wanawake, kwani naye ni msafiri. Nilikuwa nimemwagiza awashughulishe kwa masimulizi ili wasichungulie pazia. Akauliza asimulie nini. Nikamwambia asimulie alichokiona; wanawake hawajui mpira, hakuna atakayemuuliza.

Jumatatu, 7 Desemba

Sina raha! Nimekutana na Marhoon sokoni. Badala ya salamu, aliniuliza mbele ya watu kama golikipa wa Ujerumani huchukua mikate akiidaka kwa mikono miwili au kwa mmoja. Wenye maduka wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba timu ikifungwa bila shaka mkate huungua.

Amejuaje? Jana hakuwepo! Ana jasusi. Nimefikiri sana. Ni yule mpika kahawa anayekodiwa kwenye azima zote. Aliinamisha kichwa kupita kiasi.

Jumatano, 9 Desemba

Azima Bawshar, nyumbani kwa Mzee Bakhit mwenyewe. Barabara mbovu, mgongo umeniuma, lakini nilikuwa tayari. Mpika kahawa alikuwa yule yule, mtu wa kwetu, Kiswahili anakisikia. Kwa hiyo nilihadithia kwa Kiarabu mwanzo mpaka mwisho, tena Kiarabu cha vitabuni. Nikaongeza taa za uwanja na bendi ya tarumbeta. Mzee Bakhit alisikiliza kwa makini. Aliuliza jambo moja tu: majani ya kiwanja kile hukatwa na nani? Swali gani hili! Nikamwambia, wahandisi.

Kero moja. Wanawake walicheka ndani muda wote, hata sauti yangu ikamezwa. Nilisikia mmoja akipaza sauti, "Wallahi kwa mwavuli?" Wanawake wa siku hizi hawana staha. Njiani nilimwambia Mahfoudha apunguze vichekesho. Akasema, "Kaka, mi nnasema uloniambia niseme." Dada mtiifu. Laiti wanafunzi wangu wangekuwa hivyo.

Alhamisi, 10 Desemba

Zamu ya Marhoon. Kukataa azima ni kutangaza vita, nikaenda. Alinipokea mlangoni kwa kicheko: "Karibu, Maalim Aflah! Umekuja na mwavuli wako?"

Mwavuli pia anaujua! Na yule mpika kahawa hajui Kiarabu cha vitabuni, nimemchunguza. Basi jasusi ni mwingine. Marhoon ana watu kila mahali, kama serikali.

Tulikaa. Mzee Bakhit pembeni yangu. Chakula bado. Marhoon akakohoa, akasema kabla ya pilau kuingia angependa Maalim atueleze, kwa faida ya klabu, namna alivyotoka uwanjani siku ile. Alitoka kwa miguu, au alisukumwa?

Kila jicho kwangu. Kiti kinaniponyoka. Nikaona chetezo kwenye kona, makaa yamewaka. Nikaruka. Nikatia udi kipande kizima, nikampelekea Mzee Bakhit kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Kila mtu hapa anajua: udi ukishapita, mgeni huondoka. Mzee Bakhit ni mtu wa adabu za kale. Alishangaa, akajifukiza ndevu, akashukuru, akasimama. Akisimama yeye, nani atabaki? Wote wakasimama. Nilipitisha chetezo mpaka kwa wa mwisho. Marhoon, aliyekuwa amekimbilia jikoni kuharakisha chakula, akatokea mlangoni na sinia la pilau, akawakuta wageni wake wanatafuta makubadhi. Alibaki amelishika. Mvuke unapanda, wageni wanashuka ngazi. "Jamani! Hata hamjaonja!" Hakuna aliyerudi nyuma.

Ushindi! Lakini nyumbani hapakuwa na chakula. Mke wangu, Hamdiya, alijua nimealikwa. Nimekula mkate wa juzi. Wanawake walibaki kule ndani wakala pilau yote. Mahfoudha amerudi ameshiba, hapumui kwa kucheka. Hakuniletea hata mfupa.

Ijumaa, 11 Desemba

Mji mzima unazungumzia udi, na hakuna anayemlaumu Marhoon! Msikitini mtu nisiyemfahamu kaniuliza kama nyumbani kwangu wageni hufukizwa wakiwa bado barabarani. Hamdiya ameniambia, "Mume wangu, sema kweli upumzike." Nimemwambia apike.

Jumamosi, 12 Desemba

Mzee Bakhit amekuja, peke yake. Akakaa, akavua kilemba, akasema hana maneno mengi. Amesikia nyumbani kwake habari nyingine ya mechi ile. Nyumbani kwake! Jasusi wa Marhoon ameingia mpaka huko!

Akasema klabu yetu haina kitu. Kiwanja ni mawe. Taa na bendi hatuzipati maisha. Lakini kama ni kweli kuna mji mdogo ambako mwoka mikate anadaka, dereva wa basi anashika kibendera na bibi mmoja anauza chai kwa ajili ya timu, basi mtu aliyeyaona hayo ndiye anayemtaka, kwa sababu hivyo hata sisi tunaweza. Akanishika mkono. "Maalim, nnakuuliza kwa mara ya mwisho. Alikuwa mwoka mikate?"

Mtego! Niliuona wazi kama mchana. Mkono wa Marhoon umo ndani yake. Nimkiri mwoka mikate, kesho nichekwe mpaka Nizwa!

Nikamtazama usoni, nikajibu kwamba golikipa yule alikuwa daktari wa sheria. Na watazamaji, nilipofikiri tena, walikuwa elfu sitini.

Akaomba maji, akanywa, akavaa kilemba. Mlangoni akasema atatangaza jina kesho baada ya alasiri. Alionekana kama mtu aliyelemewa. Bila shaka ni elfu sitini hizo. Nimeshamwambia Hamdiya ainyooshe kanzu yangu mpya, na nimefanya mazoezi ya kuwaashiria watu wakae.

Kesho nikishajua amemteua nani, nitaandika.