Kukwangua Kaboni kwa Mwiko wa Silvana

Jumatatu, 8 Julai

Mke wangu Silvana amekufa. Tarehe 4 Juni, kifua. Tumemzika kwao Muze.

Daftari hili alikuwa anaandikia nyimbo za kwaya. Kurasa za nyuma ziko wazi. Sasa naandika mimi, Adolfu, mbeba magunia.

Jumamosi ni arobaini yake. Natakiwa kupeleka msalaba wa kaburi. Naupeleka na gari yangu, basi. Siku ya mazishi gari iligoma kuwaka, jeneza likapanda pikapu ya Zenon, kaka yake. Mimi nikakaa nyuma na jeneza. Zenon akawaambia watu gari ya shemeji ni banda la kuku. Kuku alitaga humo mara moja tu!

Tuliinunua kwa mahindi ya miaka minne. Silvana alitaka bati. Nikasema gari kwanza. Nyumba bado ya nyasi.

Mzee Suleimani, bosi wa godauni, kanipa ruhusa wiki nzima.

Jumanne, 9 Julai

Nimepita kwa Huseni fundi. Sikusema shida yangu. Nikauliza, gari ya mtu ikitoa moshi mweusi na haina nguvu, ni nini. Akasema injini ya huyo mtu imejaa kaboni. Masizi yameganda juu ya pistoni. Inafunguliwa, inakwanguliwa, lakini kwa mti, chuma kitachubua. Akaongeza huyo mtu asijaribu mwenyewe. Kajuaje?

Nikaanza na njia fupi. Kutoa plagi, kumimina mafuta ya taa, kungoja, kurudisha plagi. Zamani mimi nainama kwenye injini, Silvana yuko kwenye usukani. Nasema washa, anawasha. Leo nimeinama, nikasema washa.



Nilingoja kabisa. Halafu nikazunguka, nikawasha mwenyewe.

Moshi! Mtaa mzima ukapotea. Jirani Hellena akaanua nguo zake, akasema hana la kusema maana nina msiba. Alisema mengi.

Jumatano, 10 Julai

Nimefungua injini. Kaboni nene kama ukoko wa sufuria. Kuni nilizojaribu zote zimevunjika. Jikoni kuna mwiko wa Silvana. Umelika upande mmoja, kwa mkono wake alivyokuwa anasonga. Upande ule umekaa kwenye pistoni kama ulichongewa.

Nimekwangua mpaka jua limezama. Pistoni zinang'aa. Mwiko mweusi. Nimeuosha kwa sabuni mara tatu, huku naomba radhi kwa sauti. Sijui namwomba nani, nyumba haina mtu.

Alhamisi, 11 Julai

Balaa. Gasketi, ile inayoziba kati ya injini na kifuniko chake, ilichanika nilipofungua. Huseni anasema gasketi ya huyo mtu itatoka Mbeya Jumatatu. Arobaini Jumamosi!

Zenon kapiga simu, msalaba ataupitia yeye. Nikamwambia gari yangu nzima. Akacheka. Akasema haya shemeji.

Ndipo nikapata akili. Ugali wa ulezi! Ukikaukia kwenye sufuria, hata patasi haiutoi. Nimekata boksi la sabuni kwa umbo la gasketi, nimepaka ugali juu na chini, nimekaza nati. Uliobaki nimekula. Unanuka mafuta ya taa. Na ulibaki mwingi. Bado napika wa watu wawili.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeacha ukauke. Upepo na baridi, hali nzuri. Jioni nimewasha. Inanguruma! Moshi hata kidogo. Nikageuka nimwambie mtu.

Kuku tu.

Jumamosi, 13 Julai

Asubuhi nimepakia msalaba, nimevaa koti la ndoa. Nimepita mbele ya Huseni taratibu, honi mara tatu.

Nimefika juu ya mlima, pale barabara inapoanza kushuka kwenda Muze. Injini ikapiga kishindo. Mvuke. Harufu ya ugali unaoungua. Naijua harufu ile. Silvana akikasirika alikuwa anauacha uungue makusudi.

Nikaweka msalaba begani, nikashuka kwa miguu. Kubeba ndiyo kazi yangu. Watu walinipisha. Mama mmoja akapiga ishara ya msalaba.

Zenon akanikuta, pikapu imejaa ndugu wa mjini. Akanifuata nyuma polepole, kichwa nje ya dirisha.

"Shemeji, panda. Watu wanadhani mimi ndiye Pilato."

Nikagoma. Kona ya tatu nikapanda. Nyuma, na msalaba. Mbele nilikataa.

Kwa mama mkwe nilitoa shikamoo bila kumtazama. Njiani Zenon aliniuliza gari imekufa na nini, nikamwambia, basi alishaanza kuwasimulia habari ya ugali. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mama hakucheka. Alikuwa anafuta vumbi la msalaba kwa kanga yake.

"Silvana aliniambia hiyo gari haitafika Muze," akasema. "Akasema wewe utafika."

Nikaenda nyuma ya nyumba. Nikakaa huko kidogo.

Msalaba tumeusimika. Umesimama wima.

Jumapili, 14 Julai

Zenon kaivuta gari kwa kamba mpaka nyumbani. Mimi nilishika usukani. Hellena alitoka mlangoni kuangalia. Safari hii hakusema kitu, akaniletea maharage.

Zenon anasema ningoje gasketi ya Mbeya. Huseni anasema huyo mtu aiuze chuma chakavu. Hawajui. Njia nzima navutwa nilikuwa nafikiri, na kosa nimeliona. Ugali wangu ulikuwa laini. Silvana alikuwa anausonga mgumu.

Unga wa ulezi nimeshanunua. Mwiko uko kwenye boksi la spana.

Kesho narudi kazini.