Msamaha Uliotumwa Ndegeni

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya kumi na tisa binti yangu hapokei simu yangu. Mimi! Niliyemsomesha hadi akawa rubani! Kosa langu? Siku ya posa nilisema mchumba wake ana shingo ya mbuni. Ukweli umekuwa tusi tangu lini? Harusi Jumamosi. Mke wangu kasema binti anataka neno moja tu, nisamehe. La sivyo atakayemwingiza ukumbini ni mdogo wangu. Yule aliyeshindwa hata kufuga kuku!
Neno lenyewe halinitoki. Limenikwama kooni tangu ujana.

Jumanne, 4 Juni
Dawa nimeipata! Miaka thelathini nafagia ofisi hii ya safari za ndege, na macho ninayo. Karani wetu, Miwani, siku hizi haongei na ndege kwa redio. Anaandika namba ya ndege, anaandika maneno, anabonyeza. Maneno yanatokea kule juu, mbele ya rubani. Angani atanikimbia wapi?
Miwani kaenda msalani. Nikakalia kiti, nikanakili namba ya ndege ya binti kutoka ratiba ya ukutani. Kidole kimoja, jasho ndoo nzima: MWANANGU NISAMEHE. SHINGO SI YA MBUNI SANA. BABA.
Sijaushika ufagio, mashine ikajibu: IMEPOKELEWA. Lo! Kasamehe! Hata dakika haijaisha!

Jumatano, 5 Juni
Nimepiga pasi suti. Nimempigia mdogo wangu, nikamwambia yake airudishe kabatini. Akauliza, kaka, umeongea naye? Nikamjibu sisi wakubwa tunaongea kwa mitambo. Akacheka. Atajua hajui.

Alhamisi, 6 Juni
Mungu wangu! Mungu wangu! Kumbe ile IMEPOKELEWA inatumwa na ndege yenyewe, mtu hajasoma! Chuma kinajibu! Na kumbe ujumbe unakwenda kwa ndege, si kwa mtu. Binti siku ile alibadilishiwa ndege. Aliyenisoma ni nahodha mmoja mkali, masharubu kama brashi. Naye kajibu! Bosi kayasoma majibu mbele ya ofisi nzima: MZEE, MIMI NI MWANAUME WA MIAKA HAMSINI. HATA HIVYO NIMEKUSAMEHE. SHINGO YANGU FUPI.
Watu walicheka hadi wakashika kuta. Miwani kapewa onyo kwa kuacha kiti wazi. Mimi nimehamishiwa kufagia maegesho ya magari. Mimi!

Ijumaa, 7 Juni
Binti kanifuata maegeshoni, na sare yake. Kasema, baba, marubani wote wameusikia ujumbe wako. Kumbe neno unalijua. Basi litamke hapa, mimi na wewe tu, na kesho utaniingiza wewe.
Nikafungua mdomo. Kikatoka kikohozi. Nikamwambia nakala ipo ofisini, akaichukue.
Akavua kofia, akajifuta macho. Machozi! Mtu anayerusha ndege, analia kwa neno moja! Akaondoka.

Jumapili, 9 Juni
Jana mdogo wangu kamwingiza, kifua mbele kama jogoo. Mimi nilikaa safu ya nne, nyuma ya mtu mnene. Binti alipopita, macho yake yakanitafuta. Nikainama nifunge kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.
Lakini nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona. Namba ya ndege, basi! Binti anarudi kazini Jumatano. Fundi mmoja wa ndege kanitajia ndege atakayorusha, namba nimeiandika kiganjani kwa wino.
Mkono huu sinawi hadi Jumatano.