Mnyama wa Kale Aliyekula Betri

Mulwa aliingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa jaketi la mtoto la mitumba, akitafuta kama kuna tundu la kuficha, akatoa mashine ya mchezo.

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili na moja, na Mulwa alikuwa muuza mitumba sokoni Machakos. Si muuzaji mkubwa. Wakubwa walichagua kwanza, yeye akabaki na fagia, yaani zile nguo za mwisho ambazo hata robota lililozifunga liliziona aibu. Lakini Mungu akimnyima mtu mtaji humpa mdomo, na Mulwa alipimiwa wa watu watatu. Alishawahi kumuuzia mchungaji wa kanisa koti la kike akimwambia ndilo wanalovaa maaskofu wa Uswidi. Mchungaji alilivaa Pasaka mbili.

Mashine ilikuwa ya zambarau, ukubwa wa kipande cha sabuni, na kioo kidogo katikati. Alinunua betri mbili, akaipeleka kwa Shiku, binti aliyekuwa akichapa barua za watu kwenye ofisi ya kompyuta kando ya soko.

"Shiku, hebu niangalilie hii."

Shiku alibonyeza mara mbili tatu, kisha akainua macho.

"Hii umetoa wapi?"

"Ni ya familia."

"Familia gani? Haya maandishi ni ya Kijapani." Akamsogezea kioo. "Ni mchezo wa kuwinda majitu. Unayashika, unayakusanya. Haya mengine hata mimi nimeshika kwa mashine ya binamu yangu. Lakini huyu..."

Kwenye kioo palikuwa na pango, na ndani ya pango mnyama kama kobe, pembe moja katikati ya paji la uso, nyasi zimeota mgongoni, macho ameyafumba.

"Huyu ni Mnyama wa Kale. Watu wanasema yuko. Sijawahi kuona mtu amemwona."

"Anafanya nini?"

"Hakuna anayejua."

"Anatoka wapi?"

"Hakuna anayejua, Mulwa! Ndio maana ni wa kale."

Kitu kinachosemwa kipo na hakuna aliyekiona! Mulwa alikuwa akiuza bidhaa za namna hiyo tangu atoke shule. Alimbonyeza yule mnyama njia nzima akirudi kwa meza yake. Majitu mengine yaliruka na kutema moto. Huyu hakufungua hata jicho moja. Takataka, Mulwa akajiambia, lakini takataka yenye sifa.

Na sifa alikuwa anazihitaji haraka, kwa sababu ya Mbinya. Mbinya alikuwa binti wa Mzee Mbithi wa Ndithini, na Mulwa alimpenda kwa moyo mmoja, jambo lililowashangaza watu, maana vitu vingine vyote alivifanya kwa mioyo miwili. Mzee alikuwa amemwambia binti yake neno moja tu: ntheo. Mbuzi watatu, majike mawili na dume, bila hao hakuna mtu anayeitwa mkwe Ukambani. Na kulikuwa na kijana mmoja, Jeff, aliyeshona suruali kule viwanda vya EPZ Athi River na kupokea mshahara kila mwisho wa mwezi kama serikali. Jeff alikuwa ameshamwandikia Mbinya barua kwamba atakuja kuposa.

Basi Alhamisi Mulwa alivaa koti la maaskofu, maana alikuwa na la pili, akaenda soko la mbuzi kumtafuta Kasiva.

Kasiva alikuwa mama wa miaka sitini hivi, hukaa juu ya debe lililopinduliwa, leso mbili kiunoni, fimbo mapajani. Alikuwa mroho, na mwenyewe hakukana. Alisema uroho ndio uliomsomeshea watoto.

"Mwaitu, habari ya mbuzi?" Mulwa alimwita mama kwa Kikamba, ili kulainisha.

"Mbuzi hawajambo. Wewe ndio unatembea kama mtu amekalia siafu. Unataka nini?"

"Sitaki. Nimeleta." Akafungua kitambaa polepole, kama mtu anayefunua mtoto mchanga. "Wajapani wamempoteza huyu, Mwaitu. Wanamtafuta dunia nzima. Atakayempeleka anapewa pikapu mpya, viti bado viko na karatasi."

"Na wewe mbona usipeleke?"

"Mimi ni kijana. Wataniuliza nimeiba wapi. Mtu mzima kama wewe ataaminika."

Kasiva aliishika mashine mbali na macho, kama kitabu cha nyimbo.

"Ni dume au jike?"

Swali hilo Mulwa hakuwa amejiandaa nalo. "Jike."

"Umeangalia?"

"Mwaitu, si amelala!"

"Anakula nini?"

"Betri. Mbili kwa wiki."

"Nafuu kuliko ng'ombe. Umri?"

"Miaka elfu kumi."

"Asi! Meno yamebaki?"

"Huyu akizeeka ndio bei inapanda. Kama shamba."

"Na huu usingizi? Mnyama akilala mchana ni mgonjwa, ama ako na mimba."

"Ako na mimba," Mulwa alisema papo hapo, na akajipigia makofi moyoni. Hapo ndipo mtu anapotofautiana na mtu, alijiambia. Wengine husoma hadi chuo kikuu na hawawezi kumpa kobe mimba bila kupepesa macho.

"Unataka nini?"

"Mbuzi watatu tu. Majike mawili na dume."

"Hiyo ni ntheo. Unaoa kwa nani?"

"Kwa Mzee Mbithi, Ndithini. Jumamosi hii."

Kasiva alimtazama. Kisha alicheka, akaweka mashine ndani ya leso, akainuka kutoka kwenye debe, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja wa kawaida.

"Mbithi wa Ndithini! Kijana, mbona hukusema mapema?"

Alimchagulia mbuzi yeye mwenyewe. Wanono, manyoya yanang'aa, majike yote mawili matumbo yameanza kutuna. Akaongeza na kamba. "Usiwapige. Huyu mwenye doa hupenda kusimama njiani, ngoja tu atatembea."

Hapa angekuwepo mtu wa kumfinya Mulwa, angemfinya. Kasiva hakubishana bei! Kasiva, aliyewahi kuomba chenji kwenye kapu la sadaka! Lakini mjanja akishashinda masikio yake huenda likizo. Mulwa aliondoka na mbuzi watatu akimwonea huruma yule mama, na huruma yake ilikuwa ya kweli, na ndiyo inayochekesha zaidi.

Jumamosi alikodi pikapu kwa pesa zote alizokuwa nazo, akampakia baba yake mdogo Ndunda mbele na mbuzi nyuma. Ndunda ndiye angekuwa msemaji. Alikuwa amefanyia mazoezi hotuba yake siku tatu, na alivaa kofia.

Gari liliwashusha barabarani wakamalizia kwa miguu. Walipofika kona ya mwisho mbuzi walisimamisha masikio. Yule mwenye doa alivuta kamba. Kisha wote watatu wakachomoka mkononi mwa Mulwa, wakakimbia, wakapita lango la Mzee Mbithi bila kubisha, wakaingia zizini moja kwa moja, na kila mmoja akashika nafasi yake penye maji.

"Mwanangu," Ndunda alisema akihema, "hawa mbuzi wamekubali ukwe kabla yetu."

Mzee Mbithi alitoka akitabasamu, mikono miwili mbele.

"Karibuni, karibuni! Nimewangoja tangu asubuhi. Mbinya, leta chai, watu wa mbuzi wamefika!"

Mulwa alimwangalia Ndunda kwa jicho la kusema, umeona? Wakaketi. Mzee akatoa karatasi mfukoni.

"Kasiva alinitumia hii jana kwa watu wa basi. Mama mwaminifu sana huyo." Akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. "Mbithi, salamu. Mvua imenyesha huko kwenu na nyasi imerudi. Nakurudishia mbuzi zako tatu ulizoniwekea wakati wa kiangazi. Zinaletwa Jumamosi na kijana mrefu, ako na maneno mengi. Gari amelipa mwenyewe."

Akaikunja. "Na mimi nilikuwa nimeanza kufikiria nitawaletaje hadi huku, na gari ni ghali hivyo. Shika, kijana, hii ni ya soda."

Mkono wa Mulwa ulipokea noti ya shilingi hamsini kwa mazoea. Haujawahi kukataa pesa na haukuulizwa.

Sasa mtu mwenye akili angekunywa chai, akashukuru, akaenda zake. Lakini Ndunda alikuwa na hotuba ya siku tatu tumboni, na hotuba ni kama mtoto, siku zikitimia hutoka tu. Alisimama, akavua kofia.

"Mzee, tumekuja kwa jambo la mbuzi watatu."

"Wameshaingia. Nimewahesabu."

"Tumewaleta kama ntheo."

Mzee Mbithi aliweka kikombe chini.

"Ntheo? Ndunda, mnataka kumwoa binti yangu kwa mbuzi zangu?"

Mbuzi mwenye doa alikohoa zizini. Mbinya alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na birika mkononi.

Mulwa alitafuta uongo. Alitafuta kulia, akatafuta kushoto. Angesema amewanunua, angeitwa mwizi. Angesema yeye ni mchukuzi tu, Jeff angekuwa mkwe kabla ya Krismasi. Maisha yake yote maneno yalimjia kama nzi kwa maziwa, na siku hii moja hata moja halikutua. Basi akasema kweli. Alisema yote, jaketi, mashine, pango, kobe mwenye pembe, Wajapani, pikapu, mpaka mimba. Hakuwa na uzoefu wa kusema kweli, kwa hiyo ilitoka bila mpangilio, na pale penye mimba ilibidi arudie mara mbili, maana Mzee alikuwa amelala chali akicheka na hasikii.

Mbinya hakucheka.

"Yaani," alisema, "uliuza mnyama usiyemjua, kwa mbuzi usiowajua, ukamletea mwenyewe nyumbani. Na gari ukalipa."

"Ndio."

"Jeff aliniandikia. Sijamjibu bado." Akarudi jikoni.

Mzee alijifuta machozi. "Sikiza, kijana. Sina mchungaji, na mbuzi zangu ni thelathini. Kaa hapa uchunge. Watoto watatu wa kwanza watakaozaliwa mkononi mwako ni wako. Wakitoka majike mawili na dume, umetoa ntheo. Wakitoka vinginevyo, utaendelea kungoja. Kungoja hakujaua mtu."

Mulwa alikubali. Lakini Jumatatu alirudi Machakos kwanza, na hasira kubwa kuliko koti lake.

"Mwaitu, ulinihadaa!"

"Nani?" Kasiva hakuinuka kwenye debe. "Uliomba mbuzi watatu wa kupeleka kwa Mbithi. Walifika?"

"Walifika."

"Kuna aliyekufa njiani?"

"Hakuna."

"Sasa kelele ni ya nini?"

"Nirudishie mashine yangu!"

"Nipe pikapu."

"Hakuna pikapu! Hakuna Wajapani! Hiyo kitu ni takataka, nilikudanganya!"

Soko zima liligeuka. Hata mbuzi.

"Rudia hapo kidogo," Kasiva alisema kwa upole, "kuna wenye makoti nyuma hawajasikia."

Mchungaji wa kanisa alikuwa pale, amekuja kununua beberu. Alishika kola yake, akawaza.

Kasiva alifunua leso. "Na si takataka. Kuja uone." Kwenye kioo yule Mnyama wa Kale alikuwa amesimama kwa miguu minne, macho wazi, makubwa, ya dhahabu, nyasi za mgongoni zimechanua maua. Mbele yake palikuwa na yai.

"Lakini... mimi nilimbonyeza siku mbili!"

"Ndio shida. Mwenye mimba hubonyezwa? Nilimfunika nikamwacha. Kutwa nzima sikumchungulia. Nilipofunua, ametaga. Shiku alipoona aliketi chini kwenye mavi ya mbuzi na sketi nyeupe. Amenitafutia mtu wa kukusanya hizi vitu kutoka Nairobi, anamtaka mama na yai lake. Ananipa mtamba wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi."

Mulwa alilitazama lile yai. Katika uongo wote aliouuza maishani mwake, mmoja ulikuwa kweli, na huo ndio alioutoa bure.

Akaenda Ndithini, akachunga. Alizungumza na mbuzi wiki ya kwanza yote, akijaribu kuwashawishi wasiingie shamba la ndengu. Waliingia. Wiki ya pili alianza kukimbia kama watu wengine. Jioni alirudi na miiba miguuni, Mbinya akimtazama toka jikoni, wala barua ya Jeff hakuijibu, wala hakuitupa.

Mwezi wa pili mbuzi mwenye doa alizaa wa kwanza, mapacha. Mulwa aliinua mikia. Jike, na jike. Usiku huo hakulala. Kilibaki kitoto kimoja, na kilitakiwa kiwe dume. Mbuzi madume huzaliwa ovyo ovyo dunia nzima, hakuna anayewaomba.

Yule jike wa pili alizaa asubuhi, Mulwa amepiga magoti kwenye samadi. Mzee alikuwa ameenda kisimani. Mulwa aliinua mkia, akaangalia. Akaufuta kwa shati, akaangalia tena.

"Ni nini?" Mbinya aliuliza kutoka jikoni.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Dume. Nani angejua? Kitoto kina dakika tano duniani, na kwa jirani kulikuwa na dume wa jana wa rangi hii hii, wa kubadilishana kabla Mzee hajarudi. Mpango mzima ulimjia kichwani umekamilika, mzuri kabisa, hata machozi yalimlenga kuuona ukipotea.

"Jike," akasema.

Mbinya alikuja mwenyewe, maana Mulwa si mtu wa kuaminiwa hivi hivi. Aliinama, akainua mkia, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kumbe ni kweli," alisema.

Akanawa mikono, akachukua kalamu, akamwandikia Jeff kwamba asijisumbue na safari.