Mashine Isiyokunywa Petroli

Jumanne, 16 Aprili 1974

Katika Mufindi nzima hakuna aliyekalia mashine ya kukatia nyasi kabla yangu, wala aliyeiendesha miaka kumi na miwili bila kugonga kitu. Sawa. Kabla yangu alikuwepo Mzungu mmoja. Na ule mlingoti wa bendera haukuinamishwa na upepo. Lakini ni mara moja tu. Mbili.

Leo lori limeleta mashine mpya hapa shambani kwetu. Ya kukalia, kama yangu. Haina tangi! Nimeizunguka mara tatu, hakuna tangi. Chini ya kiti kuna betri sita, kila moja kama tofali. Liberatus, fundi wa kiwanda cha chai, msomi wa shule ya Tosamaganga, kalamu mbili mfukoni, ameazima kwangu spana namba kumi na tatu akazie nyaya za betri. Nimempa. Najuta tayari.

Meneja, Bwana Eliezeri, akatukusanya. Kasema petroli imekuwa adimu, iliyopo ni ya malori ya chai. Umeme tunao wetu, wa maporomoko. Ijumaa ya wiki ijayo ni sikukuu ya Muungano, wageni wa wilaya watakuja kutazama mpira kwenye uwanja wetu. Basi Alhamisi mashine zote mbili zikate, kila moja nusu ya uwanja. Itakayoshindwa inaingia stoo. Dereva wake anashika fyekeo.

Mimi na fyekeo! Kwa mgongo huu!

Jumatano, 17 Aprili

Nimekwenda kuipeleleza. Imefungwa waya ukutani kama mbuzi wa mnada. Liberatus kasema inakunywa umeme usiku kucha, asubuhi inafanya kazi. Nikamuuliza umeme ukipungua nitauchungulia wapi. Kanionyesha mshale kwenye kioo. Mimi siuamini mshale. Petroli unaiona, unaisikia, unainusa.

Nikauliza na betri moja ikiugua je? Kasema zile sita zimeshikana mikono. Moja ikiachia, zote zinalala. Maneno ya wasomi.

Kuna jambo sikumwuliza. Kila wiki chupa moja ya petroli ya shamba huwa inapotea njia, inamkuta Bujiku. Huyu ni Msukuma wa huko Usangu, ana pikipiki na ng'ombe wasiohesabika. Yeye naye mchele wake wa Madibira hupotea njia, unamkuta mke wangu Verediana. Sasa umeme unatiwaje kwenye chupa? Nimefikiri hadi chai ikapoa. Hautiliki.

Ijumaa, 19 Aprili

Nimeanza vita. Nimewaambia wachuma chai kwamba mashine isiyo na sauti ni ya hatari, itamfikia mtu kwa nyuma kama chui. Nikawaeleza kwa mikono miwili. Nilipokuwa bado naeleza, ikanifikia kwa nyuma. Nikaruka! Nimeingia kwenye michai kichwa kwanza.

Severina, mnyapara wa wachuma, akanitoa kwa kunivuta miguu. Kawaambia wenzake kwamba kweli ni ya hatari, imemrusha mzee wa watu bila kumgusa. Halafu kasema wao wanaipenda. Ile yangu ikipita hawasikiani, hii wanapiga soga zao hadi mwisho wa mstari. Wanawake!

Nilipofika nyumbani nimekuta daftari hili limegeuzwa. Nililificha kwenye debe la unga, jalada likitazama juu. Sasa linatazama chini. Verediana alikuwa anakuna nazi... mwongo mimi, nazi Mufindi zitoke wapi. Alikuwa anapepeta mchele, uso mkavu kama wa hakimu.

Jumapili, 21 Aprili

Tumetoka kanisani, Bujiku akaja. Nimemnunulia pombe ya ulanzi. Nikamweleza msiba wangu. Kacheka! Kasema, "Mtani, Mhehe kuogopa betri? Babu zako walipigana na Wajerumani." Nikamwambia Wajerumani walikuwa na sauti.

Kisha kanipa dawa bila kujua. Betri za redio yake zikichoka huzianika juu ya bati, jua likizichoma zinaongea tena siku mbili. Nami nafanya hivyo hivyo. Kila mtu anafanya hivyo. Kumbe chakula cha betri ni jua! Waya ule wa ukutani ni danganya toto. Ile mashine inashinda nje kila siku, mchana kutwa, mbele ya karakana. Inaota jua!

Kasema pia betri moja kama zile ingeifanya redio yake iongee hadi Krismasi. Sikumsikiliza, nilikuwa nahesabu siku.

Wali wa leo Verediana kausifu. Kasema ni mtamu, ila unanuka pikipiki. Ananijua huyu. Kaniambia niende kwa Liberatus nimwombe anifundishe ile mashine, yaishe. Mimi! Nifundishwe na mtu niliyempa spana!

Jumatatu, 22 Aprili

Nimefanya wema wa kinafiki, ule mtamu kuliko wote. Nimevua turubai langu kwenye mashine yangu, nikaenda kuifunika ya Liberatus. Nikaikaza kamba pande nne, hata sindano ya jua isipite. Nikasema nimeona vibaya mashine ya serikali inyeshewe.

Liberatus akanishika mkono kwa mikono miwili. "Baba, hapa sikujua ningefanya nini. Maji ni adui wa hizi betri."

Nikasema kati yetu hakuna asante. Moyoni nacheka hadi mbavu zinauma. Asifu tu. Betri zake zina njaa gizani.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua tangu jana. Ukungu hadi mlangoni. Jua hakuna, na hata lingekuwepo turubai lipo! Nimelala vizuri kama mtoto.

Mashine yangu iko nje, inanyeshewa. Hiyo ni chuma, imezoea. Kifuniko cha tangi kilipotea mwaka juzi, naziba kwa gunzi la mahindi. Gunzi zuri, gumu.

Alhamisi, 25 Aprili

Siwezi kuandika.

Nitaandika. Watu wote walikuja, hata wapishi. Nikavuta kamba ya kuwashia. Kimya. Nikavuta tena. Ikakohoa, ikatema maji. Maji! Nikachomoa gunzi: limelowa, limevimba kama mandazi. Severina akauliza kama napika kande. Nimevuta kamba ile hadi bega likaomba talaka.

Liberatus akafunua turubai. Betri kavu, zinang'aa. Akaondoka bila sauti, nyasi zikalala nyuma yake kama zimenyolewa. Nusu yake akamaliza. Akaanza na yangu! Nikageuka nisione.

Mungu si Mtosamaganga. Nyasi zilikuwa ndefu, zimelowa. Alipofika mbele ya goli, mashine ikaanza kwenda kama mzee anayetoka kilabuni, kisha ikasimama. Mshale umelala. Nikapiga makofi. Peke yangu. Bwana Eliezeri akaniangalia. Nikajifanya naua mbu.

Meneja akataka kuniandikia fyekeo hapo hapo. Liberatus akavua miwani. Kasema, "Bwana Meneja, mzee huyu alivua turubai la mashine yake akafunika yangu. Mashine yake imekufa kwa sababu ya wema wake."

Sijawahi kuona haya namna hiyo. Karibu niseme ukweli. Nikakohoa badala yake.

Ijumaa, 26 Aprili

Ilikunywa umeme usiku, asubuhi ikamaliza kipande kilichobaki kabla wageni hawajafika. Tukapigwa mabao manne.

Uamuzi umetoka. Ya petroli inaingia stoo. Liberatus anarudi kiwandani, kazi ni nyingi. Wa kuendesha ya betri ni mimi! Kiti kina mto. Haitingishi mgongo. Nimeizungusha mara mbili, nikamfikia Severina kwa nyuma. Karuka vizuri.

Verediana kaniuliza kama sasa nimeridhika. Nikasema nimeridhika kabisa.

Jumamosi, 27 Aprili

Mchele umebaki vibaba viwili. Bujiku kapita, kauliza chupa yake. Nikamwambia chupa zimekwisha dunia nzima. Akawasha pikipiki aondoke. Ndipo nikakumbuka redio yake, ile ya kuongea hadi Krismasi. Nikamshika begani. Nimemwambia aje Jumatatu, na gunia la mchele, siyo kibaba.

Betri sita ni nyingi. Mtu akikaa juu yake nani ataona zikibaki tano? Na jua likitoka nitazianika zile tano, zitafanya kazi ya sita.

Limebaki jambo moja tu. Verediana, najua unasoma hapa, unga uko kwenye jalada. Kesho ukimwona Liberatus kanisani, mwambie kwa upole kwamba nilimwazima spana namba kumi na tatu na turubai juu yake. Turubai akae nalo. Spana anirudishie kabla ya Jumatatu.